Nimekariri maneno 1,000, mbona bado nakosa?

SWALI: Dada, shikamoo. Najiandaa na mtihani wa GRE ili niombe shahada ya uzamili Marekani. Nimekariri maneno 1,000 ya Kiingereza kwa vikadi, lakini maswali ya kujaza nafasi bado nakosa karibu nusu. Niongeze maneno?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa usiongeze hata moja. Mimi vikadi vyangu nilivifunga kwa mpira, nikavisoma mpaka kwenye daladala, na alama za majaribio zikagoma kupanda. Nilikuwa nakimbilia machaguo kabla sijaielewa sentensi.

Jaribu hii: “Ingawa majirani walimsifu kwa ukarimu, wanawe walimjua kuwa ni mtu ____.” Umeshasema “mchoyo”, na sijakupa chaguo lolote. Aliyekuongoza ni “ingawa”. Kwenye skrini fanya vivyo hivyo: ziba machaguo kwa kiganja, isake “although” (ingawa) au “because” (kwa sababu) ya sentensi hiyo, kisha andika neno lako kwenye karatasi ya rafu, hata kwa Kiswahili. Mimi niliwahi kuandika “ana gubu”, nikafunua, nikalipata.

Zikiwa nafasi mbili au tatu, anzia palipo na ushahidi, hata kama ni mwishoni. Ukikosa nafasi moja, swali zima limekwenda. Hakuna nusu alama.

Yale ya kuchagua maneno mawili kati ya sita ndiyo yaliyonitesa. Neno likiingia vizuri lakini halina mwenzake wa kuipa sentensi maana ileile, liache, hata kama roho inauma. Na wapo pacha wa mtego: wao kwa wao wanafanana, ila kwenye sentensi hawakai.

Muda usikubabaishe. Sehemu ya kwanza ya lugha ina maswali 12 kwa dakika 18, ufahamu ukiwemo. Ukikwama, bahatisha, weka alama, songa mbele. Kukosea hakukupunguzii kitu, na unaweza kurudi kabla sehemu haijafungwa.

Vikadi usivitupe, vikague. “Sanction” nilikuwa nimeikariri kama adhabu tu, kumbe sentensi ilitaka maana yake nyingine, idhini.

Leo usiku chukua maswali uliyokosa wiki hii. Pembeni ya kila moja andika: neno sikulijua, au sentensi sikuielewa? Ukishahesabu, niandikie tena.