Kabla hujakata bima upya, fuatilia madai yako

Jumamosi moja, nikitoka mnadani Msalato, hapa Dodoma, pikapu iliyobeba mbuzi ilinigonga kwa nyuma nikiwa nimesimama kupisha watu wavuke. Bampa la IST yangu likapasuka, mlango wa buti ukagoma kufunga. Nilikuwa na miaka 24, na leseni yangu haijatimiza miaka miwili. Trafiki alikuja, akapima, na dereva wa pikapu akakiri kosa mbele ya watu. Nikajua yameisha.

Miezi minane baadaye stika yangu ya bima ilikaribia kuisha. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, na hesabu niliijua: gari la milioni 12, asilimia 3.5, shilingi 420,000 kabla ya VAT. Nilitarajia hata punguzo, kwa kuwa kosa halikuwa langu. Wakala wangu, dada mwenye ofisi ndogo maeneo ya Majengo, aligeuza kompyuta nijionee. Kwenye namba ya gari langu kulikuwa na madai ambayo hayajafungwa, na pembeni makadirio ya 1,900,000. Kampuni ilitaka 600,000.

"Mdogo wangu, hapa hawajaangalia nani alikosea," akaniambia. "Wameangalia jalada limefungwa au bado."

Ukishatoa taarifa ya ajali, kampuni inatenga fedha kwa makadirio ya awali. Mpaka fundi alipwe na kampuni yako irudishiwe fedha zake na bima ya aliyekugonga, kiasi chote kile kinasomeka kama hasara iliyotokana na wewe. Dereva mwenye miaka kumi bila ajali ana kitu cha kumtetea. Kijana hana. Jalada hilo moja ndiyo historia yake yote, na inaumiza zaidi pale ambapo umri wako tayari umeshakuongezea gharama.

La kwangu lilikwamishwa na karatasi moja tu, taarifa ya mwisho ya polisi. Askari aliyepima ajali alishahamishwa. Mimi nilidhani kampuni inaifuata, kampuni ikangoja niilete, na miezi minane ikapita hivyo. Kituoni nilikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikwenda mikono mitupu nikielezea habari za mbuzi na bampa. Mara ya tatu nilishika namba ya RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi, na nakala ya mchoro wa ajali, jalada likatolewa kabatini ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo namba ya RB iandike siku ileile ya ajali na ipige picha.

Wiki mbili zilizobaki zilinitosha kwa shida. Madai yalifungwa kwa 1,150,000, kampuni ikapiga hesabu upya, nikalipa 420,000 na VAT yake. Punguzo sikupata. Wewe anza miezi miwili kabla, na usiulize tu "imefikia wapi?" Uliza ni karatasi gani inakosekana na nani anatakiwa kuileta.

Katika siku zile rafiki alinishauri nihamie kampuni nyingine, na kwenye fomu nijaze kwamba sijawahi kudai. Nakuomba usifanye hivyo. Mkataba wa bima umesimama juu ya kusema ukweli, na siku ukipata ajali kubwa wakagundua ulificha, wana sababu ya kukataa kukulipa. Mwingine akasema nikate ile ndogo ya 118,000. Hiyo ni halali, ila inamlipa uliyemgonga, na gari lako utalitengeneza kwa fedha yako. Kubwa kuliko yote, usiache bima ikatike huku unabishana na kampuni. Kuendesha bila bima ni kosa, na trafiki anaihakiki kwa namba ya gari, hapohapo barabarani.

Kampuni ikikaa kimya hali karatasi zote umepeleka, andika barua ya malalamiko na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Sisi wa Dodoma hatuna safari ndefu, makao makuu ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, yapo hapahapa mjini. Mgogoro ukishindikana kumalizwa, yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na madai yakifungwa, omba barua inayosema hivyo, yenye kiasi kilicholipwa na maelezo ya nani alikuwa na kosa. Yangu naitunza pamoja na kadi ya gari.