Kilengeo cha nyuma kinacheza: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, ninayo revolva ya zamani ya Smith & Wesson, K-22 Masterpiece yenye mtutu wa inchi 6, ya kulengea karatasi tu. Siku hizi matundu yanatawanyika kulia na kushoto. Nikikisukuma kilengeo cha nyuma kwa ukucha, kinacheza, na skrubu yake ya ubavuni haitoi tena ule mlio wa "tik". Nimeshauriwa nikitie gundi. Ni sawa?
M.S., Houston, Marekani

JIBU: Hapana, ndugu M.S. Gundi ikiingia kwenye skrubu hiyo, hutaweza tena kurekebisha kulia wala kushoto.

Kwanza fungua silinda, toa risasi zote, na uziweke chumba kingine. Kisha tafuta kinachocheza hasa. Chora kwa rangi ya kucha mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye kibati chenye pengo hadi kwenye ulimi wa chuma uliokibeba, na mwingine kutoka kwenye ulimi hadi kwenye fremu. Sukuma kwa ukucha, utazame ni mstari upi unaokatika.

Ukikatika ule wa fremu, una bahati: ni skrubu ya mbele ya ulimi iliyolegea. Itoe, isafishe mafuta kwa asetoni pamoja na tundu lake, tia tone moja la gundi ya buluu ya kushikilia nyuzi za skrubu (nyekundu ni kali mno), kaza, na usubiri saa 24. Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfuo wote na haikuchongwa kama kabari. Ya kabari hupanda na kuchubua chuma, na kwenye silaha ya umri huo mchubuko unashusha thamani.

Lakini mlio uliopotea unaniambia kwamba shida yako iko ubavuni. Ndani ya kibati mna kipini kidogo na springi yake; kipini hudumbukia kwenye vijipengo vya kichwa cha skrubu, ndiyo "tik" yenyewe. Upande wa pili ncha ya skrubu imepanuliwa ndani ya nati ili isifunguke. Mtu akiendelea kuzungusha baada ya kibati kufika mwisho wa safari yake, ule upanuzi huachia, nati hurudi nyuma, na kila kitu hulegea. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye vilengeo hivi.

Usidharau mchezo mdogo. Kati ya vilengeo viwili vya bastola yako kuna kama sentimita 19, kwa hiyo milimita 0.3 tu hapo nyuma ni karibu sentimita 4 kwenye karatasi iliyo mita 25.

Dawa yake ni seti mpya: kibati, skrubu, nati, kipini na springi. Pima kimo cha kibati cha sasa kwa kalipa kabla ya kuagiza, maana huja vya vimo tofauti. Usiguse kitu kabla seti haijafika, kwa sababu skrubu ya zamani kwa kawaida hutolewa kwa kuizungusha hadi ikatike. Unapofungua, fungia mikono ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Springi ile ni ndogo kuliko punje ya mchele na huruka.

Kupanua ncha ya skrubu mpya kunataka kifaa chake maalumu. Kama huna, mpe fundi bunduki kazi hiyo moja. Nyundo itapinda ulimi. Vipande vya zamani vitie kwenye bahasha, uvihifadhi pamoja na bastola.