Msitu wa kijiji na picha za setilaiti: tuliyojifunza Kilwa

Mkuu, umeuliza kama kamati yenu ya maliasili inaweza kuandaa mpango wa usimamizi wa msitu wa kijiji kwa picha za setilaiti peke yake, ili mkwepe gharama za kuzunguka porini. Nimeifanya kazi hiyo Kilwa, kwenye miombo, yaani misitu ya miti inayopukutisha majani. Kuzunguka hamtakwepa, ila picha zitawapunguzia siku nyingi.

Anzeni na mpaka. Sisi tulichukua ramani ya zamani ya 1:50,000, tukaiskani, tukachora mpaka kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, na kuuhamishia kwenye simu. Siku ya kuukagua, mzee wa kitongoji aliyetutangulia na panga alisimama kwenye korongo akasema, "Mpaka wetu huu hapa, tangu enzi za baba zetu." Simu ikatuvusha korongo, kwenda kaskazini, hadi katikati ya shamba la ufuta la kijiji jirani. Tukaifuata simu. Mwenye shamba alitukuta tunapaka rangi mti wake, na vikahitajika vikao viwili vya wazee wa pande zote kutuliza mambo.

Mzee alikuwa sahihi. Ramani zile zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, simu na picha za setilaiti zinatumia mfumo mwingine, WGS 84. Usipobadilisha mfumo, mstari unahama karibu mita 300. Kwa mpaka wa kilomita 10 unaoelekea mashariki na magharibi, hizo ni hekta 300 za ardhi ya watu. Tangu siku ile natembea kwanza na wazee, nachukua nukta za GPS kila kona wanayoionyesha, ramani inafuata.

Picha zenyewe ni za bure: za setilaiti ya Landsat, yenye pikseli (kijiraba kimoja cha picha) ya mita 30, na Sentinel-2 yenye mita 10, inayopita kila baada ya siku chache. Angalieni sana majira. Miombo hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo ukiweka picha ya Mei kando ya picha ya Septemba, kompyuta itakuonyesha msitu umefyekwa na kumbe miti imesimama yote. Na moto ukishapita, kovu jeusi linafanana na shamba jipya. Linganisheni Mei na Mei, au Juni na Juni, mawingu yakiwa yamepungua.

Lipo ambalo picha hizi haziwezi kabisa: kuona mpingo mmoja uliokatwa. Pikseli moja ya Sentinel ni mita za mraba 100, na gogo likiondoka matawi ya jirani yanabaki yameziba. Mwizi anaweza kumaliza mpingo wenu wote, na kwenye skrini msitu ukabaki kijani. Kiasi cha kuvuna kitoke kwenye ploti, yaani vipande vidogo vya msitu mnavyochagua kupima, kwa utepe, mti kwa mti, mkipima kipenyo usawa wa kifua.

Picha zilitufaa zaidi kabla ya ploti: tuliugawa msitu kwenye miombo minene, vichaka na mabonde ya mito, kisha tukapanga ploti kila kundi. Bila hivyo tungepima kandokando ya barabara tu, ambako miti mikubwa ilishakwisha.

Taja wilaya yenu na mwezi mnaotaka kuanza, nikuchagulie tarehe za picha zinazofaa.