Boti ya Mtera: propela ya alumini au ya chuma cha pua?

Mkuu uliyeuliza kama ufunge propela ya chuma cha pua kwenye mashine yako ya boti ya HP 40 (nguvu farasi 40) ya kutembelea bwawa la Mtera wikiendi: mimi naishi Dodoma mjini, boti yangu inalala pale bwawani mwaka wa sita sasa. Funga alumini, na nyingine ya akiba ikae ndani ya boti.

Chuma cha pua ni kizuri, sibishi. Mapanga yake ni membamba na hayajikunji mashine ikisukuma kwa nguvu, kwa hiyo boti inakamata maji. Mchanga nao hauli ncha zake upesi kama za alumini. Tatizo, mbali na bei ya mara mbili na zaidi, Mtera si Msasani, baharini kule Dar. Chini kuna visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojaa. Maji yakishuka, mwezi wa kumi hivi, kisiki ulichokipita Mei bila kukijua kinabaki shubiri moja tu chini ya maji.

Mwaka wa pili niliazima propela ya chuma cha pua kwa rafiki. Ulisikika mlio mmoja, mashine ikaruka juu, ikazima. Nikaiwasha, ikawaka safi. Kuingiza gia tu, kelele kama mtu anasaga kokoto kwenye debe. Propela yenyewe haikuwa hata na mkwaruzo! Fundi alipofungua oili ya gia, meno yalitoka nayo vipande vipande, na bili ile ingeninunulia propela za alumini za kunitosha miaka. Utaambiwa bushi ya mpira iliyo katikati ya propela huteleza ikaokoa gia. Ni kazi yake kweli, ila siku ile haikuwahi.

Mwaka juzi nikagonga kingine, safari hii na alumini. Panga moja likajikunja kama ukingo wa sufuria iliyoanguka. Nikarudi taratibu huku boti inatetemeka, gia salama. Pengo dogo piga tupa. Likipinda sana, usiligonge nyundo ukaendelea kukimbia nalo, maana mtetemo unaua sili na beringi.

Halafu angalia pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja; ni ile namba ya pili iliyogongwa kwenye propela. Mtera ipo kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada) hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukifungua mafuta yote na mizunguko kwa dakika haifiki inayotajwa kwenye kitabu cha mashine, shuka pichi inchi moja. Utapata mizunguko 150 hadi 200 zaidi.

Za plastiki ngumu nimeona kwenye vimashine vidogo, sijawahi kufunga.

Ukibeba ya akiba, beba na pini, koleo na spana ya nati yake. Mimi niliwahi kuwa na propela mpya mkononi katikati ya bwawa, spana ipo nyumbani Area C. Tulipiga kasia mpaka jua likazama.