Mitetea wa mbegu kugoma kutaga baada ya kuhamishwa

Pole ndugu yangu wa Arua. Umesema mitetea 60 na majogoo 15 umewahamishia banda la mabati kando ya barabara, na wiki ya sita sasa mayai yamepungua, mengine ganda laini, na vifaranga wanaoanguliwa ni wachache.

Naona hapo msongo. Kuku akishtuka, tezi zilizo karibu na figo humwaga homoni iitwayo kotikosteroni. Kwa muda mfupi inamsaidia. Ikikaa juu siku nyingi, hubana homoni za uzazi, hudhoofisha kinga, na kiasi chake hupenya hadi kwenye kiini cha yai. Mimi nililaumu chakula mwezi mzima, kumbe ni joto na kelele!

Anza na majogoo: bakiza 6 au 7, hao wengine wanawachosha mitetea bure. Tandaza nyasi juu ya mabati, fungua pande hewa ipite, maji ya baridi yasikosekane mchana. Na usiwahamishe tena.

Ila ukiona shingo zinapinda, kinyesi cha kijani au vifo, huenda ni kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza haraka (Newcastle). Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na usiuze hata kuku mmoja kabla hajafika.