Nimeizoea 125, Sasa Nichukue Ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka miwili na nusu juu ya pikipiki ya cc 125 na sijawahi kuanguka. Sasa naona imefika mwisho wake: barabara kuu nikigusa 90 inalia tu, malori yananipita. Rafiki yangu anauza 600 ya michezo, silinda 4, na bei yake inalingana kabisa na akiba yangu. Wenzangu wanasema nikichukua 300 au 400 nitaichoka ndani ya miezi 6 na nitakuwa nimetupa fedha. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu halinasi kwenye hiyo 600, linanasa kwenye maneno “inalingana kabisa”. Hapo ndipo penye hatari.

Nasema hivi kwa sababu njia hiyo nimeipita. Niliuza 125 yangu, nikaongeza kila nilichokuwa nacho, nikachukua 600. Siku ya pili nikachuchumaa kulitazama tairi la nyuma. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Langu lilikuwa na miaka 9. Mifereji bado ina kina kizuri, lakini mpira mgumu kama kwato, ukibonyeza ukucha hauingii. Nilitakiwa kulitupa siku ileile. Sikuwa na fedha iliyobaki. Wiki ya tatu yakanyesha manyunyu, nikaingia kona taratibu kabisa, nikavuta mafuta kidogo tu, nyuma ikaniponyoka. Mtulinga ukavunjika.

Kwa hiyo kabla hujafikiria cc, kata robo ya akiba yako uiweke kando. Hiyo si ya muuzaji. Ni ya matairi, cheni na sproketi zake, pedi za breki, oili, bima, na mavazi: kofia ngumu inayokukaa sawasawa, glavu, jaketi, viatu vinavyofunika vifundo. Robo tatu iliyobaki ndiyo bei yako. Ukiipigia hesabu hiyo, 600 ya rafiki yako tayari imekuzidi, na bado hatujaanza kuilisha. Tairi lake la nyuma ni pana na laini, huisha mapema kuliko la 125 na bei yake ni nyingine kabisa. Siku ya kupima valvu, vile vilango vya injini vinavyoingiza hewa na kutoa moshi, fundi anakutana na valvu 16 zilizojificha chini ya tanki na boksi la hewa, na saa zote za kufungua na kufunga anakuhesabia wewe.

Sasa mikono yako. Miaka miwili na nusu bila kuanguka ni heshima, nakupongeza kwa dhati. Ila 125 nyingi zina nguvu farasi 10 hadi 15. 600 za michezo za silinda 4 hupita 100. Gia ya kwanza peke yake inaweza kukufikisha kilomita 100 kwa saa. Tena injini hizo huanza kwa upole. Nguvu yenyewe imelala juu, mizunguko ya injini inapopita 10,000 kwa dakika, nayo huamka ghafla ukiwa umeshaamini umeielewa. Hata hivyo mimi naogopa zaidi breki. Kwenye 125 umezoea kukamua kwa vidole vyote. Mbele ya 600 kuna diski mbili zinazoitikia vidole viwili. Mtoto akikatiza barabara, mkono hufanya ulichouzoesha, na ikiwa pikipiki ni ya zamani isiyo na ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu kufunga ukikamua breki, gurudumu la mbele hufunga na uko chini kabla hujajua kilichotokea.

Jipime kwa 125 hiyohiyo. Tafuta uwanja mtupu wa lami kavu. Njoo kwa 50, ukifika kwenye alama uliyoweka simama haraka bila gurudumu kufunga. Ukisimama ndani ya mita 15 hivi, mara 10 mfululizo, mkono umeiva. Kisha piga nane ndogo, yaani zunguka kwa umbo la tarakimu 8, kwa gia ya kwanza, macho yakitazama unakokwenda, bila kushusha mguu. Wengi wenye miaka mitano barabarani hushindwa hiyo nane, na sisemi kwa kuwadharau. Hakuna aliyewahi kuwaambia waijaribu.

Mimi ningekuelekeza kwenye silinda 2, kati ya 400 na 500. Kawasaki Ninja 400 ni moja. Honda walitoa familia ya CB500 mwaka 2013, cc 471, nguvu farasi 47 hivi, wakilenga leseni ya A2 ya Ulaya ambayo ukomo wake ni kilowati 35. Huko dereva hukaa kwenye daraja hilo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa pikipiki isiyo na ukomo. Pikipiki hizo hutembea 110 siku nzima bila kulia, na lori utalipita. Iliyotumika na kutunzwa vizuri huuzika upesi, maana watu wanaotoka 125 hawaishi. Kwa hiyo wenzako wamekosea kusema unatupa fedha. Yamaha MT-07 ya cc 689 iache iwe hatua ya baadaye.

Ukienda kukagua yoyote, fika bila haraka na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha, na mara nyingi anaficha shida ya kuwaka. Pitisha kitambaa cheupe kwenye bomba za shokapu za mbele. Kikitoka na oili, sili zimekwisha. Ivute cheni kwa nyuma kwenye sproketi kubwa: ikiinuka hadi jino likaonekana nusu, hesabu cheni na sproketi mpya kwenye bei. Linganisha namba ya fremu na hati, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Kwa rafiki ndiyo watu husahau.

Na usimkatie rafiki yako tamaa leo. Mwombe akuruhusu usome zile tarakimu 4 za tairi lake la nyuma, umuulize valvu zilipimwa lini, halafu uniandikie alivyokujibu.