Kwa mwenye kiu ya safari asiyeweza kutoka Nairobi

Ndugu mleta uzi, umesema pasipoti yako imelala kabatini tangu uichukue, karo ya wadogo zako inameza kila shilingi, na ndoto yako ni Moroko. Umesema pia kwamba usiku unatazama video za watu wanaozunguka dunia mpaka macho yanauma, halafu asubuhi ukitoka kwenda kazini Nairobi yote inakuudhi. Wengi hapo juu wamekuambia uweke akiba. Ni kweli, lakini hilo hukuuliza. Uliuliza mtu afanye nini kwa sasa, wakati nauli haipo.

Mimi kazi yangu ni kukata tiketi. Nakaa dirishani River Road, nauza Kampala, Arusha na Dar es Salaam, na kupokea parseli za huko kote. Mwenyewe silali nje. Mama alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukakataa, na kuna dada anayekaa naye mchana mpaka nirudi. Kwa hiyo safari yangu yoyote lazima iishe kabla ya giza. Abiria wakijua hucheka: muuza tiketi hajavuka hata mpaka wa Namanga! Nimezoea.

La kwanza, hizo video zipunguze. Sisemi ni mbaya, nami huzitazama, ila zinakuonyesha vilele tu: machweo, bwawa la hoteli, sahani iliyopambwa. Foleni ya mpakani huioni, vumbi hulimezi, na hakuna mtu anayekuuliza unatoka wapi na watu wako ni kina nani. Kwangu mimi kiu hii ilianza kutulia nilipochagua mahali pamoja nikapashughulikia kwa muda mrefu, tena kwa namna inayonigharimu kidogo: miguu, ulimi, na ile aibu ya kutamka vibaya mbele ya mwenye lugha yake. Dunia nzima kwa bando la usiku mmoja haijawahi kumtuliza mtu.

Mahali pangu ni Ethiopia, na nilipachagua kwa sababu ya barabara. Hii Thika Road tunayoilaani kila jioni ni kipande cha ile njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Ukiendelea nayo kaskazini unapita Nanyuki, Isiolo, Marsabit, unafika Moyale. Ukivuka mpaka unakwenda Yabelo, Dilla, Hawassa penye ziwa, Shashemene wanakoishi Marastafari waliotoka Jamaica, mpaka Addis Ababa. Nilinunua ramani ya karatasi nikaibandika ukutani karibu na kitanda cha mama, na sheria yangu ni moja: siendi mji unaofuata mpaka nimjue mtu anayeufahamu, au nimeonja kitu kinachotoka huko. Ndiyo maana nimekwenda polepole kama kinyonga, na Addis kwenyewe sijafika bado.

Mabasi ya Moyale yanaondokea Islii, yaani Eastleigh, mtaa wa hapa Nairobi wenye Wasomali na Wahabeshi wengi. Nilianza kupita pale siku zangu za mapumziko, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mabasi, hawa wa kule walinipokea kama mwenzao. Kuna mzee mmoja, Mgabra, ambaye siku hizi hupakia mizigo lakini zamani alikuwa utingo wa malori ya ng'ombe. Kipande cha Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500, na kabla ya lami, ambayo ilikamilika miaka ya 2010, magari yalikusanyika Isiolo kusubiri polisi wa kuyasindikiza kwa sababu ya majambazi. Abiria walikaa juu kabisa, wameshika vyuma, ng'ombe wako chini yao. Nilimuuliza walikuwa wanajifungaje wakipitiwa na usingizi. Akavua shuka lake begani akanionyesha: linapita chini ya kwapa, linazunguka chuma, fundo linakaa kifuani ili ukishtuka ulifungue kwa mkono mmoja. Halafu akanieleza Dida Galgalu, lile jangwa baada ya Marsabit, mawe meusi ya volkano mpaka upeo wa macho, na usiku baridi ya kukutetemesha. Hakuna video iliyowahi kunionyesha lile fundo.

Hapo nikupe siri ya kazi yangu. Mtu akirudi safari usimuulize "kulikuwaje", kwa sababu atakujibu "kuzuri" na mazungumzo yatafia hapo. Muulize basi lilisimama wapi, na alikula nini. Abiria wa Kampala ukiwauliza hivyo, nyuso zinabadilika. Watakuambia Namawojjolo, baada ya Jinja, ambako gari halijasimama vizuri na tayari wachuuzi waliovaa makoti yenye namba wameshaingiza vijiti vya kuku dirishani, pamoja na gonja, zile ndizi za kuchoma, na kila mmoja anaapa kuku wake ndiye wa leo. Nimelisikia soko hilo kwa midomo mingi kiasi kwamba najua ni upande gani wa basi ukae ili usikose. Na kwa faida ya wasiojua: Uganda na Rwanda Mkenya anaingia kwa kitambulisho tu, tangu 2014. Kuna watu wanasubiri pasipoti bure.

Turudi Ethiopia, maana safari hiyo ilinoga zaidi nilipoileta nyumbani kwangu. Islii unapata buni mbichi za Yirgacheffe, na Yirgacheffe iko kandokando ya barabara hiyohiyo ya ramani yangu, kabla hujafika Dilla. Mama mmoja Mhabeshi, ambaye duka lake linauza ubani, vikombe visivyo na mikono na birika za udongo za jebena, alinifundisha taratibu yote akiwa amekaa kwenye kigoda, mimi nimesimama na begi langu. Unaosha buni, unazikaanga kwenye kikaango bapa juu ya jiko la makaa huku unazitikisa zisiungue upande mmoja. Zikianza kung'aa mafuta na kutoa moshi, hunywi kwanza. Unachukua kikaango unakizungusha kwa kila aliyekaa, avute ule moshi. Ndipo unatwanga kinuni, unachemsha kwenye jebena, unamimina. Kahawa ileile iliyotwangwa huchemshwa mara tatu, kwa hiyo kuna duru tatu, ya kwanza kali, ya mwisho nyepesi, na mgeni akiondoka kabla ya duru ya tatu amekuvunjia heshima. Kando kuna bisi kwenye bakuli na ubani unafuka.

Sasa Jumapili mchana ndiyo safari yetu. Nikimpelekea mama kikaango, anauvuta moshi puani kwa ule mkono wa kulia unaofanya kazi, anafumba macho, halafu anauliza, "Leo tumefika wapi?" Nami lazima niwe na jibu, kwa hiyo wiki nzima nakuwa nimetafuta habari. Hilo limenifanya nisome kuliko shule ilivyonifanya. Jirani wa juu alikuja kulalamika kuhusu moshi, akakaa duru zote tatu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni saa. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza mchana unaanza, na saa moja asubuhi ni saa moja. Ukimwambia Mhabeshi "njoo saa nne" hahitaji tafsiri ya hesabu. Ila kwenye miaka tunaachana kabisa. Wao wana miezi 13, wa mwisho una siku tano tu, au sita, mwaka mpya wao huanguka Septemba 11 kwa kawaida, na wako nyuma yetu kwa miaka saba au minane. Mwaka 2000 waliusherehekea Septemba 2007. Yule mama wa duka aliponiambia tarehe yake ya kuzaliwa nilifanya hesabu mpaka nikakata tamaa, akacheka mpaka akashika meza.

Chakula usikiogope kwa sababu ya bei za mikahawa ya Kilimani. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo siku hizo agiza sinia la mfungo: dengu, shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, mboga za majani, vyote juu ya injera, mkate wao bapa mchachu. Ni nafuu kuliko nyama na kwa maoni yangu ni tamu kuliko nyama. Kama huipendi injera mara ya kwanza kwa ule uchachu, rudi mara nyingine kabla hujahukumu. Herufi zao pia nimeanza kujifunza. Kila konsonanti ina maumbo saba kufuata irabu, na mabango ya Islii ndiyo kitabu changu cha kusomea. Nasoma kama mtoto wa chekechea, kwa sauti, na wapita njia wananirekebisha.

Ukitaka tu kutoka nyumbani nusu siku, kuna mambo mawili matatu. Archives, yaani jengo la Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue: kila Mnairobi amewahi kumwambia mtu "tukutane Archives", na wengi wetu tumesimama nje miaka yote bila kupanda ngazi. Ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na alikusanya vinyago, vitambaa na mapambo kutoka pembe nyingi za Afrika. Kiingilio ni kidogo, na mchana wa siku za kazi kumetulia. Makumbusho ya Reli nayo nzuri, hasa lile behewa ambalo Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alivutwa na simba akiwa ndani yake kituoni Kima mwaka 1900. Yeye alikuwa amekuja kumwinda simba huyo, akasinzia zamu yake. Na ukitaka upepo, panda gari la Kiserian, kisha la kuelekea Magadi, ushuke Corner Baridi. Kwa nauli ndogo unasimama ukingoni na Bonde la Ufa lote liko chini yako. Beba koti, jina la mahali halidanganyi.

Kuna mdau hapo juu aliyeandika kwamba haya yote ni kujidanganya, na kwamba asiyesafiri hajasafiri. Sibishani naye. Kunusa buni si kufika Yirgacheffe, na siku mama akipata nafuu au ndugu yangu akikubali kukaa naye wiki mbili, mimi sitabaki hapa nikikaanga kahawa. Ila nawaona abiria wanaorudi kutoka Dar ambao hawawezi kunitajia hata mtaa mmoja walioupita. Nami najua fundo la shuka la watu wa malori ya Moyale. Kila mtu achague anachokiita safari.

Sasa Moroko yako. Anza na mtu aliyetoka huko kuja kwetu. Msafiri Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, na mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wa Mombasa wanakula ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao, na kwamba wanatembea pekupeku na kunawa miguu kabla ya kuingia msikitini. Tafuta maelezo yake uyasome ukiwa na ramani, halafu ifuate njia yake kinyumenyume, kutoka Mombasa kurudi kwao, bandari moja kwa mwezi. Njiani utapita Mogadishu na Aden, na Wasomali na Wayemeni wa kukusimulia wako hapahapa Nairobi. Hutakosa kazi ya mwaka mzima.

Lugha rasmi za kule ni Kiarabu na Kitamazight, lakini Kifaransa kinakutosha kuanzia, na Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, iko mjini hapo Loita Street. Hata kama ada ya masomo huimudu, kuna maonyesho ya picha ya bure unaweza kuingia ukitoka kazini. Chai yao ni ya kijani kutoka China, nanaa mbichi na sukari nyingi, na humiminwa kutoka juu ili itoe povu. Sisi wa Kericho na Limuru tutaona ni uchawi, lakini jaribu. Kuskusi wao huipika Ijumaa, baada ya swala.

Umeuliza pia kama Islii ni salama kwenda peke yako. Mimi naenda peke yangu. Nenda asubuhi, simu iwe mfuko wa ndani, na usiende Ijumaa saa saba mchana kwa sababu maduka mengi yanafungwa watu wakaswali. Buni uliza bei ya kilo kwanza, halafu nunua robo, na uzimwage mkononi uzitazame: zikiwa na vipande vingi vilivyovunjika, zirudishe, muuzaji ana gunia lingine nyuma ya duka.